Binti Aliyekosa Kila Swali

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa darasa la nne lililojaa hadi mlangoni, nami nikafurahi sana, maana nilikuwa bado sijajifunza kuogopa darasa lililojaa. Shule ilikuwa huko Mwese, milimani, magharibi ya Mpanda. Jina lake naliacha, wenyewe bado wako hai. Gari la mizigo lilinishusha chini ya mwinuko, dereva akaniambia barabara yake imeishia hapo na iliyobaki ni ya miguu yangu. Nikapanda mlima na godoro kichwani. Nilikuwa mwalimu wa daraja la tatu A, yaani yule wa cheti cha chuo cha ualimu, anayeruhusiwa kufundisha masomo yote ya shule ya msingi, hata yale yaliyomshinda mwenyewe.

Nikaanza kama nilivyofundishwa chuoni: kila mtoto amtaje jirani yake wa dawati. Mtoto wa kwanza akamtazama jirani yake, akanitazama mimi, akanyamaza. Wa pili vilevile. Nikadhani ni aibu ya mgeni. Kumbe wiki ile mkaguzi alikuwa anatarajiwa, na nusu ya darasa langu walikuwa watoto wa kuazima. Wengine walitolewa darasa la tatu, wengine walitoka shule ya ng'ambo ya mlima, wametembea tangu alfajiri wakiwa wameahidiwa uji. Mkaguzi alipoondoka, darasa likapwaya kama koti la marehemu.

Nilimfuata Mwalimu Mkuu ofisini. Alikuwa mzee wa Kibende, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nilimwuliza kwa nini tunamdanganya mkaguzi.

"Mwanangu, shule ikionekana haina watoto, inanyang'anywa walimu," alisema. "Na walimu wakiondoka, hata hawa wachache wataenda kufukuza nyani mashambani. Wewe chukua hili tu: ukiona darasa limejaa, usifurahi. Uliza kwanza limejazwa na nani."

Nilichukua. Wenzangu wengine walitoka Mwese na malaria, mimi nilitoka na ugonjwa wa kushuku, na haukuniacha tena. Watoto wakanibatiza jina la Mwalimu Kweli, kwa sababu kila nilipoambiwa jambo nilijibu, "Kweli?" Mwalimu mwenzangu akiniambia anaumwa, namwuliza kweli? Mzazi akileta taarifa ya msiba wa bibi, nilikuwa na kawaida ya kuuliza bibi yupi, maana kuna watoto waliozika bibi watatu kwa muhula mmoja.

Baadaye nilihamishiwa Kasekese, nikapewa kazi ya mwalimu wa taaluma. Huyu ndiye anayesimamia ufundishaji na mitihani ya shule nzima, na ndiye anayelaumiwa watoto wakifeli, kwa sababu wakifaulu husifiwa Mwalimu Mkuu. Huko ndiko nilikojua majina ya magonjwa yetu. Kuna utoro wa rejareja, mtoto anakuja leo, kesho yuko kwenye mpunga, keshokutwa anarudi. Kuna utoro sugu, ambao mtoto unamwona gulioni tu, naye anakuamkia kwa adabu zote. Halafu kuna mdondoko, mtoto akishapotea kabisa shuleni. Neno hilo silipendi, linafanya ionekane mtoto kaanguka mwenyewe kama embe bovu, hakuna aliyetikisa mti.

Mkaguzi wetu wa wakati huo, siku hizi wanaitwa wathibiti ubora, alikuwa mtu mkavu asiyekula chakula cha shule anayoikagua. Alibeba mihogo yake ya kuchemsha. Siku moja tulikuwa tunasahihisha majaribio ya kuchagua, yale ambayo swali lina majibu kadhaa na mtoto anaweka kivuli kwenye herufi ya jibu lake. Nikamwonyesha karatasi ya mtoto dhaifu kuliko wote.

"Huyu amepata machache," akasema. "Ndivyo inavyotakiwa. Asiyejua hubahatisha, na bahati haimtupi mtu moja kwa moja. Siku ukiona mtoto amekosa yote, mwalimu, usimfundishe. Mchunguze. Ili ukwepe jibu la kweli kila mara, sharti ulijue."

Nilimcheka moyoni. Miaka mingi ilipita kabla sijaiona karatasi aliyoisema.

Niliiona Kabungu. Wakati huo nilikuwa tayari Mwalimu Mkuu, na shule yangu ilikuwa ndani kabisa, ng'ambo ya mto unaokata njia kila masika. Robo ya watoto walikuwa wa wenyeji, sisi Wabende na Wakonongo, na waliobaki walikuwa wa wafugaji wa Kisukuma waliokuja na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Nikiri kwamba sisi wenyeji tulikuwa na maneno yetu juu yao. Tulisema Msukuma akipata binti anahesabu ng'ombe kabla hajampa jina. Na wao walisema Mbende akipata mvua anashukuru, halafu anarudi kulala. Tukaishi hivyo, kwa kutaniana, na chini ya utani kulikuwa na kushukiana kwelikweli.

Katika darasa la saba alikuwapo msichana anaitwa Minza, binti wa Mzee Luhende, mfugaji. Mrefu, mkimya, ana mwanya. Huyu alikuwa na kichwa. Siku moja nilikuwa ubaoni nikigawanya sehemu kwa sehemu, nikageuza isiyostahili kugeuzwa, darasa zima likaandika kosa langu kwa mwandiko mzuri. Minza peke yake aliacha kalamu. Alingoja wenzake watoke mapumziko ndipo akaniambia, "Mwalimu, pale uligeuza ya kwanza." Hakutaka nifedheheke. Nilianza kumpenda siku ile, na kumpenda mwanafunzi kwa mtu wa aina yangu maana yake ni kumwangalia kwa macho mawili.

Ukaja mtihani wa utimilifu, ambao walimu wenyewe tunauita moko, unaotangulia mtihani wa taifa wa kumaliza darasa la saba. Ulisahihishwa shule nyingine, karatasi zikarudi. Nikaichukua ya Minza ya hisabati mapema, kama mtu anavyoanza na nyama. Alikuwa na sifuri. Nikachukua ya sayansi, nayo sifuri. Nikarudia swali kwa swali na jibu langu pembeni. Palipokuwa na majibu mawili yanayofanana, amechagua lile la karibu na la kweli, lakini si la kweli. Kila mahali amepita kando ya jibu, kama mtu anayelijua shimo lilipo gizani. Nikamkumbuka mkaguzi wa mihogo.

Wasiokuja kwetu hawawezi kuelewa, kwa hiyo nieleze. Kuna desturi mbaya inaitwa kujifelisha. Mtoto akifaulu darasa la saba, anapangiwa sekondari, na asipokwenda, Mtendaji wa Kijiji anamfuata mzazi. Akifeli, hakuna anayemfuata mtu. Hivyo mzazi anayetaka mchunga ng'ombe au mahari hagombani na serikali. Anamwita mtoto pembeni tu, anamwambia, "Ukiandika vizuri tutaonana." Mtoto anaingia kwenye chumba cha mtihani akiwa na akili zake zote, anaziweka chini ya dawati, anatoka bila hatia. Sheria haina la kufanya. Utamshtaki mtoto kwa kutojua?

Nikasema, huyu ameagizwa. Tena dalili nilikuwa nazo. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nimemwona kijana mmoja wa pikipiki nyekundu, amevaa miwani ya jua hata siku ya mawingu, akisimama kwa Mzee Luhende na kukaa muda mrefu. Nilikuwa nimeshamtia kwenye kitabu cha moyo wangu kuwa ndiye mchumba.

Nilikwenda kwa Afisa Elimu Kata, zamani tukimwita mratibu, ambaye ndiye bosi wa walimu wakuu wote wa kata. Alikuwa kijana msomi, ana digrii, kila sentensi anaianza kwa "kimsingi". Nikamwekea karatasi mezani.

"Kimsingi, madam, sifuri ni sifuri," akasema.

"Hapana, mkuu. Iko sifuri ya kutojua na iko sifuri ya kujua sana. Hii ni ya pili."

Nikamweleza. Akaigeuzageuza karatasi, akatabasamu kidogo. "Basi jambo lenyewe jepesi. Wafugaji hao, tunawajua. Mchukue Mtendaji, mkambane mzee."

Neno "tunawajua" lilinikera, ingawa mimi mwenyewe nilikuja na wazo lilelile. Lakini nikaenda.

Tulimkuta Mzee Luhende akiwatibu ndama, mikono imejaa dawa. Alitukaribisha, akaagiza maziwa, tukaamkiana kwa urefu kama inavyopasa. Kisha Mtendaji akaanza kwa ukali wa kiofisi kumsomea makosa yake. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akaniangalia mimi.

"Mwalimu, nyie mnasema nimemwambia mtoto afeli?"

"Nauliza tu, mzee. Na yule kijana wa pikipiki?"

Alicheka hadi akashika kiuno. "Yule? Yule ananiuzia dawa za kupe. Nikimwoza binti yangu, atanilipa mahari ya dawa?" Halafu kicheko kikakatika ghafla, uso ukabadilika. "Kwa hiyo mtoto amepata sifuri. Minza. Huyu ninayemnunulia sare mpya, nimemwekea na taa ya sola asome. Amepata sifuri kwa makusudi."

Akasimama, akaichukua fimbo iliyoegemea ukuta. Nilisimama kati yake na mlango. Nilimwambia akimpiga, hatutajua kamwe, na mimi nataka kujua kuliko ninavyotaka kuadhibu. Akaishusha fimbo. Lakini nilipokuwa narudi sikumwamini bado. Nilijiambia, mzee huyu anajua kuigiza, nisiuziwe mbuzi kwenye gunia.

Siku chache baadaye ilianza kambi. Hii ni desturi ya shule nyingi za kwetu: mtihani wa taifa ukikaribia, darasa la saba wanahamia shuleni na magodoro yao, wavulana chumba chao na wasichana chao, wazazi wanaleta unga, maharage na kuni, wanasoma asubuhi na jioni bila kutumwa ng'ombe wala maji. Mimi nilikuwa matroni. Faida moja ya kambi haisemwi: unamwona mtoto akiwa hana mzazi wa kumkonyeza.

Asubuhi moja nilikuwa nyuma ya jiko la kambi nikichagua mawe kwenye maharage. Upande wa pili wa ukuta wa matete wasichana walikuwa wanakoka moto, na Minza alikuwa anawaeleza asilimia. Anaeleza kwa Kisukuma, anarudia kwa Kiswahili kwa ajili ya mtoto mmoja wa Kikonongo, anatoa mfano wa ndama waliokufa na waliopona. Alikuwa anafundisha vizuri kuliko mimi. Nikaacha maharage, nikamwita, nikawaondoa wengine.

"Minza, moko umekosa kila swali."

"Ndiyo, mwalimu."

"Nani amekuagiza?"

Akainamisha kichwa. Nikamtajia baba yake, akatikisa kichwa. Nikamtajia mama, wajomba, hata yule kijana wa pikipiki, na hapo karibu acheke.

"Hakuna mtu," akasema. "Mimi mwenyewe."

"Kweli?"

Akaniangalia usoni, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. "Mwalimu, Dada Holo alifaulu."

Nilikuwa nimesikia kwamba mzee alikuwa na binti mkubwa aliyeharibikiwa, lakini ilikuwa kabla sijahamia Kabungu, na nyumbani kwao halikutajwa jina lake. Minza akanisimulia huku amekaa juu ya kuni. Holo alipangiwa sekondari ya mbali. Kwenda na kurudi kila siku haiwezekani, na shule haikuwa na bweni. Kwa hiyo alifanya wanavyofanya watoto wetu wote: alipangishiwa chumba kijijini karibu na shule, wasichana watatu, kile wanachokiita geto. Wanapika wenyewe, wanalala wenyewe, hakuna mtu mzima. Mlango haukuwa na komeo, ulifungwa kwa kamba. Kijana wa bodaboda alianza kwa kuwaletea mkaa, akaendelea na sukari, halafu akawa anasukuma mlango bila kuleta kitu. Holo akapata mimba. Siku hizi aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani, wakati ule alifukuzwa. Baba naye akamfukuza.

"Baba ananinunulia sare," Minza akasema. "Chumba hajakiona. Nyie walimu mnasema sekondari, sekondari. Mmekiona? Mimi nimekiona, nilimpelekea Dada unga. Nikifaulu nitapelekwa kulekule. Nikifeli nitakaa kwa mama, mlango wetu una komeo."

Kazi yangu yote nilikuwa nimewashuku wazazi, walimu, watendaji, hata watoto wenyewe. Sekondari sikuwahi kuishuku. Kila mtoto wangu aliyefaulu nilimpigia makofi getini, nikaenda kuangalia wanaobaki. Na mtoto huyu amekaa kimya akaikagua elimu yetu, akaikuta haina komeo, akaamua kutoiingia. Nilimwonea huruma, na nilijisikia hasira ambayo sikujua nimtupie nani.

"Ukikosa yote tena, hutaupata mwingine," nikamwambia. "Mtihani wa taifa haurudiwi hivihivi."

"Najua."

"Nikikutafutia mahali pa kulala palipo salama?"

"Mwalimu, wewe unamshuku kila mtu," akasema polepole. "Mimi nikikushuku wewe, nitakuwa nimekosa adabu?"

Kesho yake nilikwenda kwa Mzee Luhende peke yangu, bila Mtendaji. Nilimwambia maneno ya mtoto kama yalivyo. Alichora chini kwa kijiti. Kisha akasema twende tukakione hicho chumba. Tukachukua bodaboda mbili.

Sekondari yenyewe ilikuwa nzuri kwa macho: madarasa mapya, madirisha ya alumini, maabara. Mkuu wa Shule, mtu mchangamfu, alitutembeza kote. Nikamwomba atuonyeshe bweni la wasichana. Akatupeleka nyuma, kwenye boma. Sisi watu wa serikali tunaita boma jengo ambalo wananchi wameliinua kwa nguvu zao hadi juu ya madirisha, wakaliacha wakisubiri serikali ilipaue. Hili lilikuwa limesubiri mpaka mpapai umeota ndani na kuzaa.

"Lipo kwenye mpango," Mkuu wa Shule akasema.

"Mpango wa lini?" Mzee Luhende akauliza.

"Fedha zikiletwa, mzee wangu."

"Na wasichana wanalala wapi kwa sasa?"

Mkuu wa Shule akaitazama saa yake.

Tukaenda wenyewe. Haikuwa kazi kukipata chumba, tulimwuliza mwanafunzi tu geto liko wapi. Mlango ulikuwa wa mabati yaliyopigiliwa kwenye mbao, na pale penye kitasa kulikuwa na tundu, na katika tundu kuna kamba ya katani. Ndani tuliona mikeka, sufuria, sare zimetundikwa msumarini. Mzee aliishika ile kamba, akaivuta kidogo kwa vidole viwili. Mlango ukaja wenyewe. Akaurudisha. Akauvuta tena. Sijui alikuwa anafikiri nini, lakini alifanya hivyo mara kadhaa, na mwenye nyumba aliyekuwa anapita akatuuliza kama tunataka kupanga.

Tulipofika njia panda alimwambia dereva wake asielekee nyumbani, akate kwenda Kasekese. Nilimfuata, sikuuliza. Tulisimama kwenye nyumba ya bibi yake Minza, mzaa mama. Mwanamke kijana alikuwa uani anakaanga vitumbua, mtoto kamshika kanga. Alipomwona mzee alisimama na mwiko mkononi, hakusogea mbele wala nyuma.

"Umefuata nini?" akauliza.

"Nimekiona chumba," Mzee Luhende akasema.

Holo alibaki amesimama mpaka vitumbua vikaungua, halafu akakaa chini pale pale kwenye vumbi, akalia kwa sauti. Nami nililia, sioni haya kusema. Mzee alivua kofia, akaishika kifuani kama mtu aliyefika msibani akiwa amechelewa.

Mpango tuliufanya siku hiyohiyo, na aliyeutoa ni Holo mwenyewe, baada ya kunawa uso. Wasipange chumba. Wazazi wa Kabungu wapange nyumba nzima karibu na sekondari, mabinti wote wa kata wakae humo, na yeye aje na mwanawe kuwa mlezi wao. "Mimi sidanganyiki na sukari," akasema. Nilipopeleka jambo hili kwa Afisa Elimu Kata, alikunja uso.

"Kimsingi hiyo ni hosteli bubu, madam. Haijasajiliwa. Kinyume cha utaratibu."

"Na mlango wa kamba uko kwenye utaratibu gani, mkuu?"

Akafungua droo, akaifunga. Kisha akasema yeye hajasikia chochote, na kwamba ana shemeji fundi wa kuchomelea. Komeo la chuma la mlango ule lilitoka kwa shemeji yake, na hapo nikaanza kumheshimu, ingawa nililijaribu komeo kwanza kwa bega langu kabla ya kusema asante.

Minza nilimpeleka akaione nyumba. Alizunguka kote, akafunga mlango akiwa ndani, akafungua, akafunga tena. Dada yake alikuwa anafagia. Njiani kurudi nilitamani aniahidi kitu. Hakuniahidi, na mimi sikumwomba, maana ahadi ya mtoto unayemlazimisha haina tofauti na darasa la kuazima.

Siku ya mtihani wa taifa walimu wa shule hatukaribii madarasa. Wasimamizi wanatoka shule nyingine, polisi yuko langoni, sisi tunakaa mbali kama wakwe. Kwa hiyo nilikaa nyumbani kwangu nikiokota mawe kwenye maharage yaliyokwisha kuokotwa. Sikuwa na njia ya kujua ni Minza yupi aliyeingia mle ndani. Karatasi ya mwisho ilipokusanywa, alikuja moja kwa moja kwangu na rula yake mkononi.

"Mwalimu, mimi yangu nimemaliza," akasema. "Nimejibu ninavyojua. Sasa bado nyie."

Akaenda zake kufungasha godoro. Matokeo yalipotoka sikustuka, yalikuwa yale niliyoyatarajia. Ila nilielewa kwamba amenipa kazi, na nilikuwa nimebakiza muda mfupi kustaafu.

Nilistaafu kwa sherehe ya kawaida: kitenge, mbuzi, hotuba. Mgeni rasmi alisema hali ya shule zetu vijijini imebadilika sana, na ni kweli, mtu akisema ni uongo nitakuwa wa kwanza kumpinga. Elimu ni bila ada. Kuna vyoo vya matofali. Shule shikizi, zile ndogo zinazojengwa ili watoto wadogo wasivuke mto, zimepunguza vifo ambavyo sisi tulivizoea. Mwalimu mpya sasa anashushwa na bodaboda mlangoni, na bado analalamika. Lakini ninyi vijana mnaoanza kazi hii, nawaomba msiwe wepesi wa kupiga makofi. Mkionyeshwa darasa, ulizeni watoto wanafika humo wakiwa wamekula nini. Mkionyeshwa maabara, zungukeni nyuma. Mkiambiwa mzazi fulani hapendi shule, muulizeni na mtoto, kwa sababu shule nayo huenda haipendeki. Mimi boma lile lenye mpapai nimelipita juzi, bado lipo kwenye mpango.

Nyumba ya Holo naitembelea bila kutoa taarifa. Sijazoea kutoa taarifa, waliotoa taarifa walionyeshwa watoto wa kuazima. Minza sasa yuko kidato cha tatu. Safari ya mwisho nilifika mchana, wakubwa wote wako darasani, Holo kaenda sokoni. Nikasukuma mlango, haukwenda. Nikapiga hodi. Sauti ndogo ya msichana ikatoka ndani, sauti nisiyoijua, bila shaka wa kidato cha kwanza aliyebaki kwa homa.

"Nani wewe?"

"Mimi Mwalimu Mkuu mstaafu wa Kabungu. Nyumba hii naijua, fungua mwanangu."

"Kila anayekuja hapa anasema anaijua," ikajibu. "Shikamoo. Kaa hapo nje, umsubiri Dada Holo."

Nikamwambia nimetoka mbali, jua kali, mimi mzee. Hakufungua. Nikamwambia nimewaletea karanga. Nikasikia komeo likigongwa kwa ndani, lisije likawa limelegea. Basi nikageuza ndoo yao ya maji, nikaikalia, nikasubiri juani na karanga zangu mapajani, na sikumbuki siku niliyofurahi zaidi kutoaminiwa.